Waliolala Ngomani Usiku wa Sensa

Nilipoajiriwa halmashauri ya Bariadi, Simiyu lilikuwa bado jina la mto tu. Mkoa wetu ulikuwa Shinyanga, na kila karatasi yenye maana ilipelekwa huko kugongwa muhuri, ikarudi imechoka kuliko aliyeibeba. Mimi ni mtoto wa dukani. Baba alikuwa na duka la vitambaa Binza, kule Maswa, nami nilikua nikisikia Kiswahili cha nyumbani nyuma ya kaunta na Kisukuma cha wateja mbele yake. Nilijifunza vyote viwili, ingawa hicho cha pili nilikiongea huku watu wakicheka. Nilipenda hesabu na sikuwa na subira. Mtu akiniambia "takriban" damu ilinichemka.

Idara ya mipango ilikuwa na watu wawili, mkuu wangu na mimi, pamoja na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kile kilifumwa na mke wa mkuu, na hakuna aliyeruhusiwa kukiondoa isipokuwa mkuu mwenyewe. Alikikunja taratibu kila asubuhi kama anayemvua mtoto fulana, kisha ndipo kazi ilipoanza.

Siku matokeo ya sensa ya vijiji yalipotufikia nilifurahi kama mtu aliyeletewa nguo ya sikukuu. Kabla ya hapo, visima na madarasa vilikwenda kwa diwani mwenye mdomo. Aliyepiga kelele nyingi kwenye kikao alirudi kwao na pampu. Mpole alirudi na ahadi. Na sasa mambo yote yalikuwa yanabadilika. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na mizani yao, maghala ya ushirika yamebaki na popo, kila gulio lina mitumba, na serikali nayo ilikuwa imeanza kutuambia kwamba mradi uende penye watu. Penye watu ni wapi? Jibu lilikuwa mezani kwangu. Nilizipenda zile tarakimu. Niliamini kwamba hatimaye nimepata kitu kisichoweza kubembelezwa.

Mwaka ule tulikuwa na fedha za zahanati moja kwa tarafa yote. Vijiji viwili vilikuwa vinaigombea. Sitavitaja, maana wajukuu wao bado wanataniana. Kimoja nitakiita Mlimani na kingine Mtoni. Mtoni kiko kando ya barabara ya kwenda Nkololo, ambako mgonjwa anaweza kudandia lori la pamba akafika kwenye matibabu. Mlimani hakuna lori linalopita. Mgonjwa wa Mlimani alipanda mkokoteni wa ng'ombe, akiombea ng'ombe wasichoke.

Lakini tarakimu zilisema Mtoni. Tena hazikusema kwa kunong'ona: Mtoni ilikuwa imejaa watu kama mji mdogo, na Mlimani ilikuwa na wachache kiasi cha kuhuzunisha, wengi wao wazee. Mkuu alisoma, akatikisa kichwa kwa heshima, akaandika Mtoni. Mimi nikatumwa Mlimani kuwapa pole.

Nilikwenda kwa pikipiki ya idara, na hasira zilianza kunipanda kabla sijazima injini. Watu wale wachache wa kwenye karatasi walikuwa wapi? Nilichoona mimi ni watoto wakinikimbilia kutoka kila kaya, vijana wakipanga matofali, akina mama wamebeba maji kwa safu ndefu. Matofali yenyewe yalikuwa yamekwisha kuchomwa, mekundu, yamepangwa vizuri pale walipotaka zahanati yao isimame. Walikuwa wameyachoma kabla hata hatujaahidi kitu.

"Mwadila, mayu," akina mama wakanisalimu kwa kuniita mama.

"Mwadila," nikaitika, kisha nikawauliza bila hata kunywa maji niliyopewa: "Hivi ninyi, usiku wa kuamkia sensa mlilala wapi?"

Wakatazamana. Kisha mwanamke mmoja akaanza kucheka ndani ya kanga yake, na mwingine akamfuata, na mwisho watu wote wakageuka kumtazama mwanamume mmoja mrefu aliyesimama kando ya matofali, mabega mapana, kofia ya manyoya kichwani mchana kweupe. Huyo ndiye alikuwa ningi wao, kiongozi wa ngoma, anayetunga nyimbo na kuwachezesha watu mpaka vumbi lifunike jua.

"Mwulize huyo," alisema mkewe. "Mwulize alitupeleka wapi."

Basi nikaambiwa. Kwa asiyejua mambo ya huku, baada ya pamba kuuzwa huwa ni msimu wa ngoma. Maningi wawili hushindana siku moja, kila mmoja na uwanja wake, ngoma zote mbili zikilia kwa pamoja. Hakuna majaji wala alama. Watazamaji wanahama kutoka uwanja huu kwenda ule, wanarudi, wanahama tena, na atakayemalizia na watu wengi ndiye aliyemshinda mwenzake. Ningi wa Mtoni alikuwa amemwalika ningi wa Mlimani, na ningi wa Mlimani hakutaka kwenda ugenini bila watu wa kumshangilia. Alikibeba kijiji kizima. Waliachwa wazee na mbuzi. Mashindano yakakolea, hakuna aliyetaka kuondoka, watu wakalala hukohuko Mtoni: kwenye madarasa, kwenye nyumba za watu, kwenye ghala la ushirika lililokuwa tupu. Na usiku huo ndio ulikuwa usiku wenyewe.

Kanuni ya sensa ni nyepesi. Unahesabiwa pale ulipolala. Ukilala kwa shemeji, wewe ni wa shemeji mpaka sensa nyingine. Karani wa Mtoni, mwalimu mwadilifu kupita kiasi, alipita asubuhi ile akahesabu kila aliyekuwa amejinyoosha, hata waliokuwa bado na njuga miguuni.

Niliangua kicheko. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikakaa chini juu ya matofali yao. Wao pia walicheka, lakini mke wa ningi hakucheka, na nilipomtazama nikaona kwa nini. Kando yake alikaa binti yao, mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa juu ya mkokoteni, katikati ya njia ya Nkololo, ng'ombe mmoja amelala na kukataa kuinuka. Mama na mtoto walipona, ila kwa jinsi binti alivyonisimulia, sauti ya chini, macho kwenye vidole vyake, niliona kwamba bado alikuwa anaiogopa ile njia.

"Zahanati ilikuwa yake huyu," mama yake alisema. "Baba yake kaicheza ngoma ikaenda Mtoni."

 Mtu aliyejulikana kwa mdomo kutoka Shishiyu mpaka kwetu alivua kofia yake ya manyoya, akaivaa tena.

Siku chache baadaye alinifuata ofisini Bariadi kwa baiskeli. Alikataa kiti. Alitaka kujua kama zile namba zinaweza kurudishwa nyumbani, kila mtu na kwao, kama ng'ombe waliochanganyika malishoni.

"Haziwezi, baba," nikamwambia. "Namba za sensa ni za taifa. Sina ruhusa ya kugusa hata moja. Ila kamati ya madiwani ikithibitisha kwamba Mtoni ilikuwa na wageni wengi usiku ule, inaweza kuamua kwa kutazama mambo mengine."

"Nani athibitishe?"

"Wenyewe wa Mtoni."

Alicheka kicheko kifupi. Serikali ya kijiji cha Mtoni ilikuwa imekwisha kuulizwa na mkuu wangu kwa barua, nayo ikajibu kwamba wageni walikuwepo, wachache, kama kawaida ya msimu. Na nani angewalaumu? Walikuwa wamepewa zahanati bila kuiomba sana. Mimi pia ningejibu hivyohivyo.

Nilimwandama mkuu wangu kutwa nzima. Yeye alikuwa mtu mwema, lakini aliziheshimu takwimu kama mtu anavyomheshimu mkwe wake: kwa mbali na bila maswali. "Binti," aliniambia huku akikunja kile kitambaa, "takwimu za taifa hazibishaniwi na ngoma." Nikamwambia, basi twende tukazibishanie na macho. Nikasema mengi mengine ambayo mtumishi wa ajira mpya hapaswi kumwambia mkuu wake. Nafikiri alikubali ili anyamazishe kelele. Kamati ikapangiwa ziara, mkutano ukaitishwa Mtoni, na Mlimani wakaalikwa.

Mkutano ulifanyika ndani ya lile ghala la ushirika, kwa sababu jua lilikuwa kali na jengo halikuwa na kazi nyingine. Watu wa Mtoni walikaa kulia, wa Mlimani kushoto, na katikati waliacha njia pana kama ile wanayoiachia ngoma. Maningi wote wawili walikuja wamevaa. Yule wa Mtoni alikuwa mfupi, mnene, mchangamfu, shanga mpaka kifuani, akisalimia kila mtu kwa mikono miwili kama bwana harusi. Binti wa Mlimani naye alikuja, tumbo limekuwa kubwa. Sikujua wamemletaje. Baadaye niliambiwa ni kwa mkokoteni.

Mwenyekiti wa kamati, diwani mmoja mzee asiyependa kupaza sauti, aliuliza swali lake moja kwa moja. Je, usiku wa sensa Mtoni ilikuwa na wageni wangapi?

Mwenyekiti wa kijiji cha Mtoni alisimama, akakohoa. "Wachache, mheshimiwa. Ndugu na jamaa. Hawa mnaowaona kwenye takwimu ni watu wetu."

Upande wa kushoto ulizomea. Upande wa kulia ulipiga makofi. Mkuu wangu akanitazama kwa jicho la nilikwambia. Moyo ulinishuka, nakiri, nikaanza kufikiria jinsi ya kumtazama yule binti tukiondoka.

Hapo ndipo ningi wa Mlimani aliposimama. Alitembea mpaka katikati, taratibu, akageuka kuwatazama watu wa Mtoni, akasema kwa sauti iliyojaa upole wa ajabu:

"Mwenyekiti wa Mtoni amesema kweli. Mimi nilikuwepo. Wageni hawakuja. Huyu nkoi wangu, rafiki yangu," akamwonyesha mwenzake kwa usinga, "ngoma yake ilikosa watu. Uwanja ulikuwa mweupe. Walikuwepo majirani zake wachache, nao walikuwa wanasinzia. Ndiyo maana nilimshinda."

Ningi wa Mtoni aliruka kama aliyekalia siafu.

"Nani alikosa watu?"

"Wewe, ngosha, mwanamume mwenzangu."

"Mimi? Mimi!" Alikuwa amekwisha kufika katikati, shanga zikimgonga kifuani. "Watu walitoka Shishiyu! Walitoka Nkololo, walitoka Maswa mjini na baiskeli zao! Madarasa yalijaa mpaka watu wakalala juu ya madawati! Humu, humu ndani ya ghala hili, hapakuwa na pa kuweka mguu! Nilichinja mafahali nyama ikaisha, nikachinja tena! Na wewe mwenyewe, na mkeo, na kijiji chako chote mpaka wanaonyonya, mlilala kwangu, mkala ugali wangu, mwalimu akawahesabu asubuhi mnakoroma! Leo unasema uwanja ulikuwa mweupe?"

Ghala lililipuka. Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile, kiligonga bati na kurudi. Watu wa Mlimani walikuwa wanajigaragaza. Watu wa Mtoni walijaribu kukaza nyuso, wakashindwa. Mwenyekiti wao wa kijiji alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mkuu wangu, yule yule, alicheka mpaka miwani ikadondoka, na diwani mzee alingoja, akafuta machozi, kisha akauliza polepole:

"Kwa hiyo wageni walikuwepo."

 Ndipo ningi wa Mtoni alipoona alipokuwa amesimama. Aliwatazama watu wake, akamtazama mwenzake mrefu ambaye sasa hakuwa na tabasamu, na nikaona akipima jambo moyoni. Alikuwa mtu mwenye majivuno, lakini hakuwa mwongo.

"Walikuwepo," alisema. "Nitaapa mbele ya kamati, nitaweka na dole gumba. Nusu ya watu wale hawakuwa wetu. Lakini kwanza huyu aseme. Mwaka mzima anatangaza minadani kwamba alinishinda nyumbani kwangu. Aseme hapa, mbele ya wote, nani alimshinda mwenzake. Asiposema, mimi nilikuwa nimelewa, sikumbuki mgeni yeyote."

Kicheko kilikatika. Mtu wa nje hawezi kujua alichoombwa yule bwana. Ushindi wa ngoma kwa ningi ni zaidi ya ng'ombe. Ng'ombe wanaweza kununuliwa wengine. Akikubali kushindwa hadharani, kwa kinywa chake, wimbo utatungwa, na wimbo huo utamtangulia kila atakapokwenda, na wanawe wataimbiwa.

"Usiseme!" vijana wa Mlimani walianza kupiga kelele. "Baba, usiseme!" Walikuwa tayari wake zao wazalie juu ya mikokoteni maisha yao yote kuliko kusikia neno lile. Hata baadhi ya wazee waliochoma matofali kwa mikono yao walikuwa wanatikisa vichwa. Mkewe peke yake alikuwa kimya, amemshika binti yao mkono.

 Ningi wa Mlimani hakumtazama mtu.  Kisha alivua ile kofia ya manyoya, akaiweka chini, akaweka usinga wake juu ya kofia, mbele ya miguu ya yule mfupi.

"Ulinishinda," alisema.

"Sema kwa nguvu."

"Ulinishinda! Nyumbani kwako, mbele ya watu, ulinishinda!"

Vigelegele vya Mtoni vilikaribia kuezua paa. Walimbeba ningi wao juujuu, ngoma ikatoka sijui wapi, na yeye huko juu mabegani akapaza sauti kuelekea meza ya kamati kwamba wageni walikuwepo, waandike, wengi, wengi sana, kutoka kila pembe, na wote walikuja kumtazama yeye. Niliandika. Kwenye muhtasari wa kikao ule, ambao baadaye ulikwenda Shinyanga kugongwa muhuri, kuna sentensi isemayo kwamba kamati imejiridhisha kuhusu idadi ya wageni kwa kauli ya kiongozi wa ngoma mshindi. Mkuu aliisoma, akaniuliza kama neno "mshindi" lina ulazima. Nikamwambia bila neno hilo shahidi anakanusha. Akaliacha. Kamati ikatazama umbali, ikatazama barabara, ikatazama idadi ya watoto waliochanjwa kila kijiji, na zahanati ikaenda Mlimani.

Jioni ile, watu walipokuwa wanatawanyika, nilimkuta yule mrefu nyuma ya ghala, anafunga jozi ya ng'ombe kwenye mkokoteni wa binti yake. Kichwa chake kilikuwa wazi na kilionekana kidogo bila ile kofia. Nilitaka kumpongeza, ila swali lilinitoka kwanza, maana ndivyo nilivyo.

"Baba, ni kweli alikushinda?"

Aligeuka kuhakikisha hakuna mtu wa Mtoni karibu. Kisha akainama sikioni kwangu, na nikahisi mwili wake mzima ukitetemeka kwa kicheko.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, "nilimpiga mpaka mama yake mzazi alihamia uwanja wangu."

Akafuta macho kwa kiganja, akawaswaga ng'ombe wake.

Zahanati ilijengwa kwa matofali yaleyale. Ilipofunguliwa tulikwenda wote, mkuu akiwa na suti yake ya kikao cha bajeti, na mimi na gauni jipya kutoka dukani kwa baba. Watu wa Mtoni walikuja kwa wingi, na ningi wao akaleta ngoma. Alikuwa ametunga wimbo, kama ilivyotarajiwa, mrefu, mtamu sana, wa jinsi alivyomshinda jirani yake mrefu mpaka akavua kofia. Kila mtu aliujua tayari. Watoto wa Mlimani wenyewe walikuwa wanaitikia.

Huyo mrefu mwenyewe alikuwa mlangoni pa chumba cha uzazi, amembeba mjukuu wake aliyezaliwa mle ndani, kabla rangi ya ukutani haijakauka vizuri. Nilimwona akiuma midomo. Mguu wake mmoja ulikuwa unagonga chini, umeshika mdundo, unataka kwenda kujibu. Wimbo ulipofika pale pa kofia, uwanja mzima uligeuka kumtazama, ukimcheka, na mshindi akanyoosha usinga kumwonyesha.

Akamwinua mtoto juu ya kichwa chake, ili naye aone vizuri.